Ofisi mpya: muite mtu wa kebo za mtandao KABLA jipsam haijafungwa (uzi kwa wenye majengo, mafundi na watu wa TEHAMA)

Mzee wa Raki (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu. Napiga kazi za mtandao hapa Dodoma na tangu serikali ianze kuhamia huku majengo ya ofisi yanaota kila upande, Mtumba, Njedengo, Ilazo, Kisasa, na simu ninazopigiwa ni ileile, "fundi jengo limekamilika, njoo utuwekee intaneti". Unafika saiti plasta tayari, rangi tayari, tailizi chini zinateleza, jipsam juu imefungwa na taa za urembo zinawaka, mkurugenzi ana tarehe ya kuhamia mkononi, halafu ndo wewe wa kebo unaitwa.

Naandika kwa yeyote anayejenga au mwenye bosi anayejenga. Swichi ya mtandao (ile inayogawa mtandao kwa kompyuta) ukinunua mbovu unaibadilisha Jumamosi moja mchana Jumatatu watu wanafanya kazi. Ruta hivyohivyo. Ila kebo iliyo ndani ya ukuta, nyuma ya plasta, chini ya tailizi, hiyo mmeoana, mtakaa nayo mpaka jengo lifanyiwe ukarabati. Kama bajeti imebana punguza kwenye vitu vinavyoonekana, ukutani usipunguze.

Linapoharibikia ni kwenye BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi na bei zake). Umeme una kurasa zake, soketi ngapi taa ngapi breka ngapi, ukija TEHAMA unakuta mstari mmoja na fungu la makisio basi. Hakuna idadi ya pointi (matundu ya kuchomekea kebo) wala chumba cha raki (kabati la swichi na vifaa vya mtandao). Msanifu kachora stoo ya mifagio vizuri kabisa ila raki itakaa wapi hajui, matokeo yake inakwenda chini ya ngazi au kwenye kajiko cha chai nyuma ya friji.

Wakati wa kuingia saiti ni pale fundi umeme anapochana kuta. Na wewe pitisha mabomba yako hapohapo. Tumia bomba la 25mm sio la 20, la 25 linameza kebo nne mpaka tano za Cat6 (daraja la kawaida la kebo za mtandao) bila kulazimisha, la 20 tatu, ukijaza zaidi ya asilimia 40 ya bomba siku ya kuvuta utatoa jasho na kebo utaichuna. Kwenye kona weka bendi ndefu, usiweke elbo ya bomba la maji. Acha waya wa kuvutia ndani ya kila bomba. Na ziba midomo ya maboksi kwa karatasi za mfuko wa simenti maana fundi plasta akipita hapo haulizi, anajaza udongo anasonga mbele.

Naendelea chini, niacheni nile kwanza.

Ngedere Mpole

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuvi

Binti Ihumwa

Kaka asante, umekuja wakati wake. Mimi ni wa utawala sio mtu wa TEHAMA, ofisi yetu iko hatua ya kupaua, ghorofa moja juu, chini na juu jumla kama meza 60. Bosi kaniambia nitafute makadirio ya kebo. Nimepata kotesheni tatu zinapishana mpaka nimechanganyikiwa, mmoja kaandika maboksi 12, mwingine 25, mwingine 40. Nani mkweli?

Mzee wa Raki

Dada Binti hapo tupige hesabu pamoja ili wasikuchezee. Meza 60, kila meza pointi mbili, hizo 120. Ongeza printa, akses pointi (vifaa vya kurusha waifai) kwenye dari, kamera, mashine ya kidole mlangoni, skrini ya chumba cha mikutano, tuseme 30. Jumla 150.

Chukua pointi iliyo karibu zaidi na raki na iliyo mbali zaidi, pima njia ambayo kebo itapita kweli (inapanda ukuta, inakwenda na trei, inashuka), usipime kwa jicho kukata chumba. Jumlisha gawa kwa mbili. Tuseme wastani umekuja mita 40, ongeza asilimia 10 ya kuchezea, 44. Mara 150 ni mita 6,600. Boksi moja ni mita 305, kwa hiyo boksi 21 na nusu, sema 22. Lakini kebo haiungwi katikati, kile kipande kinachobaki mwisho wa boksi kama hakifiki popote kinatupwa, ukihesabu kwa ukali boksi moja linatoa pointi 6 tu za mita 44, unafika boksi 25. Ukweli uko kati ya 22 na 25 kutegemea fundi anavyopanga vipande, vifupi anavimalizia kwenye pointi za karibu. Wa 12 ama hakuja saiti ama atakuja kukuomba nyongeza katikati ya kazi. Wa 40 muulize hiyo nyingine anapeleka wapi.

Pachi paneli (bao la matundu ndani ya raki ambako kebo za ukutani zinaishia): kila ghorofa iwe na raki yake, pointi 75 kwa paneli za tundu 24 ni paneli nne, unabaki na matundu 21 ya akiba. Paneli 4, za kupangia nyaya 4, swichi mbili za 48, ya fiba 1, UPS (betri ya akiba) inakula kama 3, hizo ni U 14 (U ni ngazi moja ya raki). Usikubali raki ya 15U kwa sababu inatosha leo, chukua 27U.

Waifai Tosha

Samahani mkuu nakupinga. Pointi mbili kila meza huo ni ulaji wa wakandarasi. Wafanyakazi siku hizi wana laptop, nyingi hazina hata tundu la kebo. Ofisi yetu tuna pointi nyingi ukutani zimejaa utando wa buibui tu. Weka waifai nzuri maisha yaendelee

Kebo Nyekundu

@Waifai Tosha na hiyo waifai yako inapata intaneti kwa maombi? Kila akses pointi ina kebo yake inayotoka kwenye swichi, na kebo hiyohiyo ndo inaipelekea umeme

Mzee wa Raki

Hapana, ana hoja msimseme. Mkataba ambao watu wote wana laptop na hakuna simu za mezani mimi mwenyewe nashusha kuwa pointi moja kwa meza, hela ninayookoa naihamishia darini. Zamani dari haikuwa na kebo hata moja, leo ndo kuna kazi. Akses pointi za kizazi cha Wi-Fi 6 nyingi zinakuja na tundu la giga 2.5, na umeme wake unapita kwenye kebo (ndo inaitwa PoE), PoE ya kwanza ilikuwa wati 15.4 kwenye swichi, ikaja ya 30, ile ya mwaka 2018 inafika 90. Sasa kebo inabeba data na inabeba umeme, ndo maana ubora wa shaba umekuwa habari nzito kuliko enzi za simu na faksi.

Ila mhasibu, mapokezi, printa, kamera na mkutano wa video hao wape waya. Hapo sibishani.

Fundi Nusu

Wakuu Cat6 au Cat6A? Kuna jamaa kaniambia Cat5e imekufa

Mzee wa Raki

Haijafa. Cat5e nzuri ya shaba inabeba giga 1 mpaka mita 100 vizuri tu na hata 2.5 imo. Ila kwa jengo jipya kuweka Cat5e ni kujinyima kwa ajili ya tofauti ndogo ya bei. Cat6 ndo ya kawaida, giga 1 mita 100, giga 10 inafika mpaka kama mita 55 mazingira yakiwa mazuri. Cat6A ni giga 10 mita zote 100 lakini ni nene, ngumu kukunja, bomba la 25 linaingiza chache, na fundi ambaye hajaizoea atakuharibia. Mimi huwa naweka Cat6 kwenye meza na Cat6A kwenye akses pointi za dari, mwenye hela aweke 6A kote.

Halafu hiyo mita 100 watu wanaielewa vibaya. Ni mita 90 kutoka paneli mpaka soketi ya ukutani, na 10 zinazobaki ni za zile pachi kodi (kebo fupi za kuunganishia) za pande mbili. Ukivuta 98 ukutani umeshajimaliza.

Kebo Nyekundu

Ongelea CCA mzee. Hilo ndo kansa

Mzee wa Raki

Nilikuwa nalijia. Wakuu Kariakoo kebo nzuri zipo na maduka ya watu wakweli yapo, lakini pia kuna boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa na ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu kama rangi. Hiyo ndo CCA. Bei yake inakuvutia, unaona fundi mwingine ni mwizi kumbe yeye ndo kaandika shaba. Viwango vya kebo za mtandao haviitambui kabisa. Ukiipiga kwenye kistoni (lile tundu la kuchomekea la ukutani) inakatika, ukipitisha PoE inapata moto na umeme unafika pungufu mwisho wa kebo, kamera inawaka mchana, usiku ikiwasha taa zake za giza inajizima na kuwaka tena. Mnasema kamera mbovu mnabadilisha kamera.

Jinsi ya kuikamata: kwaruza waya mmoja kwa wembe, shaba ni nyekundu mpaka ndani, CCA inakuwa nyeupe. Nyanyua boksi, la Cat6 la shaba tupu ni zito, linagonga kilo 10 kwenda juu, la CCA unalibeba kwa mkono mmoja unaongea na simu.

Na hii ya tatu inamfaa hata dada Binti, inataka malitimita ya kawaida tu ya fundi umeme. Kebo ikishavutwa, upande mmoja zisokote pamoja nyaya mbili za jozi moja, nenda upande wa pili upime omu. Kebo ya mita 50 kwenda na kurudi ni mita 100 za waya, na kiwango kinasema waya mmoja wa mita 100 usizidi omu 9.38. Ukisoma 7 au 8 uko salama. Ukisoma 13, 14, muite aliyekuuzia.

Binti Ihumwa

Nimeicopy hii naipeleka kwa fundi umeme wetu kesho 😂

Shombo la Pwani

Hamjambo ndugu zangu, mie niko Mombasa. Huku kwetu adui ni unyevu na chumvi ya bahari. Raki ya bei rahisi skrubu zaanza kutu mapema, na zile pini za kistoni zisizo na dhahabu nzuri zageuka rangi, mtandao wawa unakuja unakwenda. Kingine AC. Watu wapenda kuitundika juu ya raki eti hewa ishuke moja kwa moja kwa mashine, paipu ya maji ikiziba maji yote ni kwa swichi. AC iwe kando, isisimame juu ya mashine kamwe.

Pia huku Kenya ukitafuta kontrakta muulize leseni ya CA (mamlaka ya mawasiliano), wana ya kampuni na wana ya fundi mwenyewe. Wengi wa mitaani hawana, na kazi ya ofisi kubwa hawafai kupewa. Fundi wa stima ni fundi wa stima, kebo za data ni kazi nyingine.

Mzee wa Raki

Karibu ndugu yetu. Huku Dodoma sisi unyevu hatuna, tuna vumbi. Chumba cha raki chenye dirisha la kufungua ni hasara, feni za swichi zinavuta lile vumbi jekundu mpaka zinakwama. Chumba kisiwe na dirisha, mlango uzibe vizuri chini, na matundu ya akiba kwenye pachi paneli na kwenye soketi za ukutani yawe na vifuniko vyake.

Na hilo la fundi stima umenikumbusha. Mafundi umeme wetu wanapenda kupitisha kebo za data kwenye bomba moja na umeme, au tranking (mfereji wenye kifuniko wa kupitishia nyaya) moja isiyo na ukuta katikati, "si zote ni waya". Marufuku. Kwanza ni hatari, waya wa 230 ukichubuka unakwenda kwenye kompyuta na mkono wa mtu. Pili kelele ya umeme inaingia kwenye data. Tranking za vyumba viwili au vitatu zipo madukani, nunua hizo, umeme upande wake data upande wake. Zikienda sambamba kwenye dari sisi huwa tunaachanisha kama sentimita 30, na zikilazimika kukutana zipishane msalaba.

Ngurumo_Ziwa

Mwanza hapa. Naomba wenye majengo yenye vibanda msisahau RADI. Ukanda wa Ziwa Victoria radi zake mnazijua. Ofisi moja huku walivuta kebo ya shaba kutoka jengo kubwa kwenda kibanda cha mlinzi kwa ajili ya kamera ya geti, kebo imepita juu hewani kwenye nguzo. Mvua ya kwanza ya vuli ikaondoka na swichi, rekoda ya kamera na simu mbili za mezani. Kati ya jengo na jengo ni fiba tu, fiba ni kioo haipitishi umeme. Vile viboksi viwili vya kugeuza fiba kuwa kebo ni bei ndogo kuliko swichi moja

Mzee wa Raki

Sahihi kabisa. Na raki iwe na waya wake wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) umefika kwenye ethi ya jengo, sio umefungwa kwenye boliti ukaishia hewani. Kati ya ghorofa na ghorofa pia mimi naweka fiba, Cat6 mbili za akiba pembeni, kwa sababu kesho ukitaka giga 10 kati ya raki na raki unabadilisha kile kipachikwa cha fiba tu kwenye swichi.

Fundi Nusu

Mkuu mimi nakrimpu nyaya (nazibana kwenye konekta) kwa mpangilio wangu, chungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote, pande zote mbili sawa. Testa inawasha taa zote 8 moja baada ya nyingine. Kuna shida?

Kebo Nyekundu

😂😂😂 umejitaja mwenyewe

Mzee wa Raki

Msimcheke, ameuliza la maana kuliko wote. Shida ipo, na testa yako haitaiona mpaka kiama. Tundu namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Kwa mpangilio wako 3 iko na kijani na 6 iko na bluu, umepasua jozi. Testa ya taa inaangalia kama waya umefika tu. Kompyuta itaona mtandao, faili dogo litapita, likija kubwa linasuasua, au swichi inajishusha kutoka giga 1 kwenda mega 100, watu wanalaumu kampuni ya intaneti.

Fuata mpangilio wa kiwango, ule wa B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Au fuata A, ambayo kijani na chungwa zinabadilishana nafasi. Chochote, lakini jengo zima kimoja. Na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kupiga krone (kukandamiza nyaya kwenye kistoni au paneli), wengi wanafungua sentimita tano ili iwe rahisi kupanga, msokoto ndo uhai wa kebo. Usiikunje kona kali, usiivute kwa nguvu za wanaume wawili, ikikwama rudi tafuta imekwama wapi, mwisho wake ni kama kilo 11 za mvuto. Na zile taizi za plastiki usizikaze mpaka kebo inabonyea, tumia za kunata za kitambaa.

Na konekta za kukrimpu hazikai ukutani. Ukutani kuna kistoni na fesipleti (kibao cha mbele kinachoishika), kwenye raki kuna pachi paneli. Kebo ya ukutani iliyokrimpiwa konekta ikaachwa inaning'inia kwenye tundu kama mkia wa panya hiyo sio kazi, hata kama unapata intaneti.

QS Mstaafu

Vijana nimesoma. Mimi upande wa vipimo na malipo naongeza moja: mkilipa, lipeni kwa ripoti ya majaribio. Kila pointi ipimwe na mashine ya kuthibitisha, ile inayotoa ripoti ya urefu, upotevu, na mwingiliano wa jozi, pointi kwa pointi. Fungu la mwisho lishikwe mpaka ripoti ifike. Na iandikwe kwenye mkataba kabla, sio fundi anapokuja kudai ndo mnamgeuka. Swali langu, hizo mashine ni ghali, fundi mdogo anaipata wapi?

Mzee wa Raki

Shikamoo mzee. Ni ghali kweli, ila hununui, unakodi kwa siku. Pointi 150 kama zimeshawekwa lebo mnazimaliza bila shida. Gharama ya kukodi iwekwe kwenye kotesheni kama mstari wake, mteja aione, asije kusema amepigwa. Faida nyingine, ukitumia kebo, kistoni na paneli za mtengenezaji mmoja, na fundi awe amesajiliwa nao, ripoti hizo ndo zinakupa dhamana ya mtengenezaji ya miaka 20 au 25. Bila ripoti hakuna dhamana, na kuchanganya kebo ya huyu na kistoni za yule pia hakuna.

Waifai Tosha

Haya mkuu mimi nimekubali nusu. Ila niambie la sisi ambao jipsam ilishafungwa. Ofisi imeshahamiwa, dari yote ni bodi moja haina hata tundu

Mzee wa Raki

Hapo ndo pa maumivu. Jipsam iliyofungwa nzima huwezi kupita kama zile dari za vipande za kunyanyua. Una njia tatu. Ya kwanza kutoboa vimilango vya ukaguzi kila baada ya mita kadhaa, hasa kwenye korido, fundi jipsam mzuri anaweka fremu na rangi usijue kama palitobolewa, kisha kebo zinapita koridoni na kuingia kila chumba juu ya mlango. Ya pili tranking nje ya ukuta, usiidharau, ile ya vyumba vitatu ikipigwa level vizuri usawa wa meza inaonekana ya ofisi kabisa, na kuongeza pointi ni kufungua kifuniko tu. Ya tatu kama vyumba vimegawanywa kwa vioo na aluminiamu, angalia zile nguzo za fremu, nyingi ni tupu ndani, kebo mbili zinashuka bila kuonekana, ila tobo lipakwe mpira pembeni maana ule ukingo wa aluminiamu ni wembe.

Wewe kwa kuwa meza zako ni za waifai anza na korido tu, akses pointi zikae kwenye dari ya korido na vyumba vikubwa.

Binti Ihumwa

Swali la mwisho kaka, lebo niandikie vipi? Yule wa kotesheni ya 25 kasema ataandika jina la mtu kwenye kila tundu

Mzee wa Raki

Jina la mtu hapana, watu wanahama vyumba na wengine wanaacha kazi. Andika ghorofa, raki, paneli, tundu. Mfano 1-A-03-17: ghorofa ya kwanza, raki A, paneli ya tatu, tundu la 17. Namba hiyohiyo iwe kwenye fesipleti, kwenye paneli, na kwenye kebo yenyewe pande zote mbili, imeprintiwa sio kalamu, kalamu Dodoma inafutika. Kisha kwenye ramani ya jengo kila pointi iwekwe namba yake, nakala moja ikae ndani ya mlango wa raki na nyingine kwako utawala. Hapo kwenye kotesheni ya 25 mwambie aongeze mstari wa ripoti na mstari wa ramani, na kabla hajaleta boksi hata moja aje akutane na fundi umeme wako saiti wakiwa na ramani moja mezani.

Binti Ihumwa

Jumatatu wanakutana. Nitaleta mrejesho hapahapa

Ngedere Mpole

Nipo kambini bado